Goti la Mtu wa Mbele

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa saba 1976

Mazoezi saa kumi, nyuma ya hangari la reli, kama kila siku. Vumbi la kiangazi puani. Papa Kiluwe, mwalimu wetu wa kucheza, na filimbi yake. Wimbo wa kwanza, wa pili, halafu ule wa mwisho wenye kushuka mpaka kuchuchumaa. Nikashuka. Nilipopanda, goti la kushoto likalia. Sauti ndogo, ya kijiti cha kuwashia moto kinapovunjwa. Hakuna aliyesikia. Ngoma ilikuwa juu.

Sikusimama. Nimemaliza wimbo. Nimerudi kwa miguu, nimenunua samaki wadogo wa ndakala njiani, nimesonga bukari. Sasa nimekaa, na goti lina joto. Litapoa.

Mwezi huu siwezi kuumwa. Mkubwa kutoka Kinshasa anakuja tarehe 31 kutazama makundi ya animasio ya mji wote, yale ya kuimba na kucheza sifa za chama. Kundi litakalompendeza litapelekwa Kinshasa. Na Kinshasa yuko Riziki, mdogo wangu, aliyeolewa na askari akachukuliwa huko angali binti. Sijamwona tangu hapo. Ndege si ya watu kama sisi. Kwangu njia ni hii ya kucheza, hakuna nyingine. Nimeshamtumia habari kwa mdomo wa mtu anayesafiri: dada yako atakuwa wa mbele kabisa, usihangaike kumtafuta.

Jumatano, tarehe 7

Halikupoa. Limejaa kama donge la bukari. Nimelifunga kwa kitambaa chini ya kikwembe, kitenge changu cha kiunoni, haonekani mtu mgonjwa. Kazini hakuna shida. Bandarini nakaa kwenye mashine ya kuandika siku nzima. Shida ni asubuhi mbele ya bendera, tunapoimba na kucheza kabla ya kuingia biro, ofisini. Leo nimecheza kwa mguu mmoja. Shefu alikuwa anatazama ziwa.

Jioni nimeshuka mara mbili. Ya pili nilipanda nimeuma ulimi.

Katika kundi letu hakuna anayesikiliza ngoma. Papa Kiluwe aliwazoesha hivyo tangu mwanzo. "Musifuate ngoma. Mufuate mugongo ya Mama Sangwa." Hata mpiga ngoma anatazama kiuno changu. Nikishuka, ngoma inashuka. Nikipanda, bila kugusa ardhi kwa mkono, anaipiga ile kubwa na mstari wote unapanda. Wanawake wote wale wa bandari na wa reli, na mgongo mmoja. Miaka yote niliona hiyo ni heshima. Leo nimeona ni mzigo pia.

Ijumaa, tarehe 9

Papa Sangwa ameona. Mume wangu ni fundi katika karakana ya reli, macho yake kazi yake ni kutafuta nyufa kwenye vyuma. Aliniona natoka chooni nimeshika ukuta. Alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda. Mikono migumu. Niliuma kikwembe nisipige kelele. Halafu akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamuuliza humu ndani mkuu ni nani. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, tarehe 12

Dispanseri. Muuguzi amebonyeza huku, amebonyeza kule, amenikunja mguu mpaka machozi. Anasema kano za ndani zimechoka, moja labda imechanika kidogo. Nikipumzika, itashika. Nikiendelea, itakatika, na ikikatika hakuna wa kuiunga hapa Kalemie. Ameniuliza umri. Nimesema arobaini na moja. Akatikisa kichwa kana kwamba nimemjibu swali lingine.

Hasira. Alinitazama kama gari la zamani.

Jumatano, tarehe 14

Nimevuka mto Lukuga kwenda kwa bibi mmoja Mholoholo anayekanda mifupa. Nilitaka maneno mengine. Amenipaka mafuta ya chatu, amenifunga majani ya moto, na kweli maumivu yamepungua. Kisha akatoa miko. "Usichuchumae. Usipige magoti. Usicheze mpaka mwezi huu ukufe na mwingine uzaliwe. Ukicheza, usinirudilie."

Mara ya kwanza maishani mwangu dispanseri na majani yanasema jambo moja. Basi nimetafuta maoni ya tatu, ya kwangu mwenyewe. Nitapumzika kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, tarehe 16

Sikucheza. Nilimwambia Papa Kiluwe nina malaria. Nilikaa kwenye vyuma vya reli na kutazama.

Amemweka Mauwa mbele. Mauwa ni yule anayesimama nyuma yangu, miaka ishirini, anauza maandazi, beignets, asubuhi kwenye lango la bandari. Mwanzo alipotea. Alikuwa anageuka kutafuta mgongo. Wimbo wa tatu akazoea. Alishuka na kupanda kama hana mifupa. Mstari ulimfuata. Mpiga ngoma alimfuata. Hakuna aliyenitafuta kwa macho.

Nimeona wivu. Niandike wazi, hapa hakuna wa kunisoma: nimemwonea wivu mtoto wa watu anayeniita Yaya, dada mkubwa, na kuniletea beignets za moto bila kulipwa. Nilitaka ateleze.

Jumamosi, tarehe 17

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, kufagia barabara ya sokoni. Mauwa alikuja akachukua ufagio wangu. "Yaya, rudilia haraka. Miye siko muntu wa mbele. Miye niko wa kukuwa nyuma ya mugongo yako."

Angenyamaza. Angesema tu amependa kuwa mbele, ningekaa nyumbani. Labda.

Jumanne, tarehe 20

Nimerudi mazoezini. Uvimbe umeshuka, nikasema basi limepona. Papa Kiluwe alipuliza filimbi kwa furaha. Tulishuka. Nikapanda. Maumivu madogo. Nilicheka kwa sauti mpaka wakashangaa.

Papa Sangwa hajui. Nimemwambia naenda kutazama.

Jumamosi, tarehe 24

Si madogo tena. Nikipanda ngazi za biro, goti linateleza upande halafu linarudi. Linateleza kweli, nalisikia. Usiku nalala na mto chini yake. Nimemaliza mafuta ya chatu. Sasa natumia mawese yaliyochemshwa, nyumba nzima inanuka jikoni.

Wiki moja tu, nimeliambia goti. Wiki moja, halafu nitakupumzisha mpaka Krismasi. Nazungumza na goti langu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa sikio ni langu na la kufa ni goti.

Alhamisi, tarehe 29

Papa Sangwa amejua. Mtu wa karakana alimsifia mkewe. "Mama anashuka sawa vile musichana." Amerudi nyumbani hakula. Tumegombana, sisi tusiogombana. Alisema chuma kikianza ufa, hukipi mzigo, unakitoa njiani. Nikasema mimi si chuma, mimi nina mdogo wangu Kinshasa. Akasema Riziki anakutaka ukiwa na miguu miwili. Nikamwambia wewe hujawahi kutazamwa na watu. Neno baya. Aliondoka akakaa nje.

Nimesikia akikohoa uani. Sikutoka kumwomba radhi.

Jumamosi, tarehe 31

Nimeanguka. Tumechaguliwa. Siwezi kuandika.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa nane

Misa inaendelea, kengele nimezisikia. Mimi kitandani. Niandike kabla kila mtu hajaisimulia apendavyo mpaka na mimi nikaamini yao.

Uwanja ulijaa. Mkubwa alikuwa chini ya turubai, na koti lake la abakosi na miwani ya jua. Makundi mengine yalitangulia, walimu, hospitali, kiwanda. Walicheza vizuri. Sisi wa mwisho. Nilikuwa nimefunga goti vitambaa viwili, nimekunywa vidonge vya Papa Kiluwe vya mgongo. Sikusikia kitu. Nilijiona nina miaka ishirini. Hilo ndilo lililoniua. Maumivu yangekuwepo yangenizuia.

Wimbo wa mwisho. Nikashuka. Chini kabisa, kiuno kinazunguka, watu wanapiga mayowe. Nikataka kupanda.

Goti halikuja. Halikuuma sana, halikuja tu. Kitu ndani kilikatika, mguu ukawa wa mtu mwingine. Nikabaki nimechuchumaa, uzito wote kwenye mguu wa kulia, kiuno bado kinazunguka maana sikujua la kufanya. Nikangoja ngoma inipite. Ngoma haikunipita. Mpiga ngoma alikuwa anatazama kiuno changu na kukingoja. Akaendelea chini chini. Na nyuma yangu, mama wote wakabaki chini. Walidhani nimebadilisha. Ndivyo walivyofundishwa. Mama Sangwa akishuka tunashuka, akibaki tunabaki.

Tukabaki. Watu walianza kunyamaza. Nilisikia bendera inapigwa na upepo wa ziwa. Nyuma wengine walikuwa wanahema, kuna wanawake wanene katika mstari ule, na hakuna aliyegusa chini kwa mkono. Kwa ajili yangu. Nililia hapo hapo, uso kwa Mkubwa, na ninatabasamu, maana tumefundishwa kutabasamu.

Nikasema bila kugeuka, "Mauwa, Yaya wako amekufa muguu." Akasogea kwa kuchuchumaa, akicheza, akanishika kikwembe kiunoni kwa nyuma na kunivuta. Wa nyuma yake alipoona hivyo akamshika Mauwa. Na yule mwingine. Mstari wote ukashikana vikwembe ukapanda polepole, wa nyuma anambeba wa mbele, mpaka tukasimama. Mpiga ngoma akapiga ile kubwa.

Uwanja ulipasuka. Mkubwa alisimama. Baadaye alichukua kipaza sauti akaeleza maana yake, kwamba mama wa Zaire wameonyesha umoja, hakuna anayeachwa chini. Alieleza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya lori, Papa Sangwa ameshika mguu wangu kwa mikono miwili. Hakusema asiyesikia la mkuu. Heri angesema.

Jumanne, tarehe 3

Muuguzi. Imekatika. Nitatembea, amesema, kwa fimbo kwanza, halafu labda bila fimbo. Kuchuchumaa, basi. Kupiga magoti, basi. Nilipouliza kucheza, alianza kukusanya bandeji zake.

Nimefikiria mambo madogo njia nzima. Mbabula, jiko la makaa, iko chini, nitapikaje. Chooni nitafanyaje. Mama mkwe akija kutoka Moba, nitamsalimia nimesimama wima kama mwanaume.

Majirani wanakuja kutazama mguu. Kila mmoja na methali ile ile mdomoni. Atakayefuata atakula fimbo.

Ijumaa, tarehe 6

Papa Kiluwe amekuja na kuku na aibu. Kinshasa wametuma neno: kundi lije, na lisisahau ile ya kubaki chini. Wanataka ile hasa. Alizunguka zunguka, akaongea juu ya hewa, juu ya bei ya mawese, mwisho akalisema. "Mama Sangwa, uwafundishe. Mauwa atakuwa mbele. Hajue kushindwa kupanda. Anapanda tu."

Nilitaka kumtupia kuku. Miaka yote nimejifunza kupanda, sasa natakiwa kufundisha kushindwa.

Nimesema hapana.

Jumatatu, tarehe 9

Nikirudi kutoka bafuni nimekuta mbabula imesimama. Papa Sangwa ameiunganishia miguu ya chuma kule karakana, mirefu, inanifika kiunoni. Napika nimesimama. Kwa choo amenitengenezea kiti kilichotobolewa katikati, amekipaka rangi ya kijani ya mabehewa. Aliviweka tu akaenda kuosha mikono.

Nimemwomba radhi kwa lile neno la kutazamwa na watu. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia na wewe una methali nyingi mno siku hizi. Tulicheka kidogo. Halafu nikalia sana, kwa sababu mbabula ile ndefu ni nzuri, na ina maana haitashuka tena.

Jumatano, tarehe 11

Nimeenda mazoezini, kutazama tu, nilijiambia. Nimekaa kwenye kiti, fimbo mapajani.

Kweli Mauwa hawezi. Anashuka, anajifanya amekwama, na uso wake unacheka. Magoti ya miaka ishirini hayajui kukaa chini, yanarudi juu yenyewe. Wengine nyuma wanaona anaigiza, nao wanaigiza. Ilikuwa mchezo wa watoto.

Nimemwita. Nimemwambia asijifanye. Ashuke, abaki mpaka miguu itetemeke kweli, na hapo aendelee kubaki. Asipande kwa sababu anaweza. Apande kwa sababu wa nyuma amemvuta. Akasema, "Yaya, ile inaumiza." Nikasema ndiyo.

Alibaki. Nilimtazama magoti. Yalipoanza kutetemeka nilimwachia bado, halafu nikaogopa, nikapiga kelele wamvute. Nilimshika goti lake la kushoto baada ya hapo, nikalibonyeza lote kwa vidole. Zima. Nimemwambia siku litakapolia aseme siku hiyo hiyo, asimdanganye mtu malaria. Akaniangalia. Sasa anajua.

Ningepumzika zile wiki tatu ningekuwa naenda. Ndiyo hesabu yenyewe. Ningewaachia tarehe 31 bila mimi, pengine wasingechaguliwa, goti lingepona, na ningekuwa na mwaka mwingine. Au wangechaguliwa, na mimi ningeenda nimekaa nyuma na kupiga makofi, na ningemwona Riziki. Wa kupiga makofi pia wanapewa nafasi kwenye ndege. Sikuwahi kufikiria hilo. Niliona kuna mbele au hakuna kitu.

Alhamisi, tarehe 19

Wameondoka na treni ya asubuhi. Watapita Niemba, Kabalo, mpaka Lubumbashi, kisha ndege. Nafasi yangu amepewa binti wa posta. Papa Kiluwe alisema mtu wa fimbo hawezi safari ile, na watu wa Kinshasa wamehesabu wenye kusimama tu, hata wa kupiga makofi.

Nimemfungia Mauwa samaki wakavu wa migebuka kwa ajili ya Riziki, kifurushi kikubwa, behewa zima litanuka. Habari kwamba siendi sikuweza kuipeleka, hakuna aliyetangulia. Nimemwambia Mauwa: baada ya kucheza atakuja mwanamke mwenye mwanya wa meno kama wangu, atauliza wa mbele wa kila siku yuko wapi. Huyo ndiye. Mpe samaki, umwambie mimi mzima.

"Nitamwambia nini juu ya goti?"

Nimesema mwambie nilipanda vibaya ngazi. Halafu treni ilipoanza kusogea nikapiga kelele dirishani: mwambie ukweli. Sijui kama alisikia.

Jumamosi, tarehe 28

Redio. Papa Sangwa amenunua pile mpya, betri zake. Tumekaa uani, mimi kwenye kiti, mguu juu ya debe. Upepo umetulia leo, ziwa halisikiki.

Jimbo baada ya jimbo. Niliitambua ngoma yetu kabla hawajataja Kalemie. Wimbo wa kwanza, wa pili. Wa mwisho. Ngoma ikashuka, ikakaa chini chini. Redioni hakuna cha kuona. Nikasema bado Mauwa, bado, ngoja itetemeke. Watu wa Kinshasa walianza kunyamaza kama walivyonyamaza wa hapa. Riziki alikuwa katikati yao, naamini, anamtazama wa mbele na kujiuliza dada amekuwaje mtoto hivi.

Halafu ile kubwa.

Nikajikuta nimeshika meza, nimeanza kusimama nao. Goti likakataa. Nikakaa.

Tumesikiliza makofi mpaka yakaisha. Papa Sangwa amezima redio tusimalize pile. Kesho ni Misa. Nitakaa kwenye benchi wengine wakipiga magoti.